Ndugu wa Kuchanjiana, Ndugu wa Pochi

Ujerumani kuna desturi moja ambayo mtu wa Uvira, mji wa Kongo kwenye Ziwa Tanganyika, akisimuliwa ataomba arudiwe. Mgonjwa wa saratani ya damu akishapandikizwa seli za mtu baki na kupona, haruhusiwi kumjua aliyempa. Barua anaweza kumwandikia, lakini barua hiyo hupitia kwanza kwa wahudumu wa daftari la wachangiaji, nao huondoa jina, mji na chochote kinachoweza kumfichua mwandishi. Hali hiyo huendelea kwa miaka miwili. Ikiisha, na pande zote mbili zikikubali kwa saini, majina hufunguliwa. Ndipo mume na mke hupakia mizigo kwenye gari, wakashika barabara kuu, pengine wakaivuka nchi nzima toka pwani ya kaskazini hadi milima ya kusini, kwenda kubisha hodi kwa mtu ambaye hawajamwona hata siku moja, na ambaye bila yeye mmoja wao angekuwa kaburini.

Kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika safari hiyo haihitajiki. Mtoto wa Kavimvira, mtaa wa Uvira, akipelekwa hospitali malaria ikiwa imemkausha damu, anayempa damu mara nyingi yuko palepale nje, kwenye benchi, amekunja mkono wa shati na kubana kipande cha pamba kwenye kiwiko. Ni baba mdogo, ni jirani wa kiwanja cha pili, ni mtu wa kwaya moja na mama wa mtoto. Jina lake linajulikana kabla damu yake haijapimwa. Kumwambia mama huyo kwamba kuna nchi ambako mgonjwa hukaa miaka miwili bila kumjua mwokozi wake ni kumweleza jambo lenye ukatili fulani.

Lakini sera ya afya ya Kongo, sawa na ya nchi nyingi za Afrika, kwa miaka zaidi ya ishirini imekuwa ikisukuma mambo yaelekee upande wa Kijerumani: damu itoke kwa mtu asiyejulikana, aliyejitolea bila kuitwa na bila kulipwa, ikae kwenye jokofu ikimngoja yeyote. Kwa nini jambo linaloonekana jepesi namna hiyo limekuwa gumu kushika mizizi? Jibu lake haliko hospitali tu. Ziwa hili lina historia ndefu ya watu kupeana damu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilianza kabla daktari yeyote hajafika.

Tarehe 26 Aprili 1858 mitumbwi miwili iliyotoka Ujiji ilifika Uvira. Ndani yake walikuwamo Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, pamoja na wapiga kasia wa Kannena, mkubwa wa Kawele. Burton alikuwa na vidonda vya ulimi vilivyomtesa hata kusema akaona taabu. Walitaka kuona kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, maana kama ungetoka ungeweza kuwa chanzo cha Nili. Wana watatu wa mtawala Maruta waliwaambia waziwazi kwamba unaingia. Wapiga kasia nao wakakataa kuendelea mbele, wakihofia watu wa ncha ya ziwa. Safari ya kisayansi ikaishia hapo, na Uvira ikaingia kwenye vitabu vya Ulaya kama mahali ambapo mgeni hugeuzwa njiani.

Kwa wafanyabiashara wa ziwa, Uvira ilikuwa kitu kingine. Burton mwenyewe aliikuta soko lenye shughuli nyingi: watumwa, pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti, vyombo vya chuma. Ziwa lina urefu wa kilomita zaidi ya 600, na mtumbwi haukati masafa hayo kwa siku moja. Kila jioni lazima utafute ufukwe wa kulala, kuni, mtu wa kukuuzia samaki, mtu wa kukuhakikishia kwamba asubuhi utaamka ukiwa huru. Hapakuwa na polisi wala ubalozi. Palikuwa na kuchanjiana.

Jinsi ilivyofanyika ilitofautiana kati ya pahala na pahala. Burton aliieleza kwa Wazaramo: watu wawili wanakaa uso kwa uso juu ya ngozi, silaha mapajani, wa tatu anapunga upanga juu ya vichwa vyao huku akimlaani atakayevunja kiapo, kisha hukatwa chale, damu ikapakwa kwenye nyama ya kondoo aliyechinjwa, kila mmoja akala ya mwenzake. Verney Lovett Cameron, aliyepita magharibi ya ziwa mwaka 1874, aliona namna nyingine: chale ndogo kwenye kiganja cha mkono wa kulia, karibu na kifundo, damu ya huyu ikasuguliwa kwenye jeraha la yule, halafu baruti ikapakwa juu yake. Rwanda, ambako desturi hiyo huitwa kunywana, damu ilitoka karibu na kitovu na ilinywewa. Aprili 1876 Henry Morton Stanley alikaa chini na Mirambo, mtemi aliyekuwa ametikisa njia zote za Unyamwezi, na Manwa Sera, mkuu wa msafara wa Stanley, akawachanja miguu ya kulia. Laana alizozitaja kwa atakayesaliti zilikuwa na simba, nyoka, na bunduki ya kumlipukia mwenyewe mikononi.

Baruti na bunduki ndani ya ibada ya zamani! Desturi hii haikuwa kitu cha kale kilichokaa makumbusho; ilikuwa ikitengenezwa upya kila msafara ulipopita, ikichukua laana mpya kadiri hatari mpya zilivyozuka. Na kilichoifanya ifae ni kwamba iliwaunganisha wasio ndugu. Ndugu wa tumbo moja hawahitaji chale. Mvira na mfanyabiashara wa Ujiji ndio waliohitaji.

Aliyechanjiana nawe alikuwa na haki juu yako. Angeweza kuja na njaa, ukampa chakula. Angeweza kuja anakimbizwa, ukamficha. Mtu wa kwao akifika kwako, naye alikuwa mgeni wako. Deni halikuwa na siku ya kwisha, na hapo ndipo palipokuwa na uzito wake: uliyepokea damu yake ulimjua sura, ukoo, kijiji na wadeni wake. Kumsahau haikuwezekana.

Si vema kuipamba sana desturi hiyo. Waliochanjiana mara nyingi walikuwa wakubwa wenye bidhaa, na moja ya bidhaa hizo ilikuwa watu. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan al-Barwani, anayejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, aliutawala mwambao wa kaskazini akiwa na makao Ujiji, na watu wake walivamia vijiji vya pande zote mbili za ziwa. Undugu wa damu ulimlinda aliyeapa. Mwanamke aliyetekwa kwenye tambarare ya Rusizi hakuapa na mtu.

Wajerumani walikuja kutoka ng'ambo. Kituo chao cha Usumbura, Bujumbura ya leo, kilianza mwaka 1897, safari ya kilomita kama thelathini kutoka Uvira ukizunguka ncha ya ziwa. Wabelgiji, kwanza chini ya Dola Huru ya Kongo ya Leopold wa Pili na tangu 1908 kama koloni kamili, walikaa upande wa Uvira. Mpaka ukapita kwenye mto ule ule ambao wana wa Maruta walieleza unakoelekea. Pamoja na mpaka ukaja ugonjwa wa malale.

Malale ndiyo iliyoleta sindano kwenye mwambao huu. Robert Koch, daktari wa Berlin aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu, alifanya kazi katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, mwaka 1906 na 1907, akitumia dawa iliyoitwa atoksili yenye sumu ya aseniki ndani yake. Kutoka huko mpango wa Wajerumani ulihamia Tanganyika: kambi za wagonjwa ufukweni, upekuzi wa vijiji, watu kuhamishwa kutoka sehemu zenye mbung'o. Daktari alipapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba, akachoma, akatoa maji au tone la damu, akalitazama kwenye hadubini. Waliopewa dozi kubwa za atoksili, baadhi yao walipofuka.

Tazama jambo hili kwa macho ya aliyepangwa foleni. Mzungu amechukua damu yako kwenye kioo. Hakukupa yake. Hakutaja laana wala ahadi. Hujui damu imepelekwa wapi, na jirani yako aliyepelekwa kambini amerudi haoni. Kwa mtu aliyelelewa akijua kwamba damu haitoki mwilini ikamwendea mtu pasipo deni, hii ilikuwa damu iliyoibwa.

Haishangazi basi kwamba katika miongo iliyofuata Afrika Mashariki nzima ilijaa habari za wanyonya damu. Pwani walikuwa mumiani. Nairobi na Kampala walikuwa wazimamoto, na gari jekundu la zimamoto lilitosha kuwatimua watoto barabarani. Rhodesia ya Kaskazini waliitwa banyama, na Kongo ya kusini mashariki walikuwa batumbula. Mwanahistoria wa Kimarekani Luise White alikusanya simulizi hizi kwa miaka mingi na kuzichapisha katika kitabu mwaka 2000. Hoja yake ni kwamba uvumi huo ulikuwa njia ya watu kuzungumza juu ya ukoloni kwa usahihi ambao ripoti za serikali hazikuwa nao. Alipata kuandika pia juu ya undugu wa kuchanjiana, na mambo hayo mawili hukaa pamoja bila kulazimishwa. Kinyume cha ndugu wa damu ni mnyonya damu. Wote wawili wanataka kilicho ndani yako, ila mmoja amekukalia uso kwa uso.

Mwaka 1914 mambo mawili yalitokea ambayo hakuna aliyeyaweka pamoja wakati ule. Tarehe 27 Machi, mjini Brussels, daktari Albert Hustin alimtia mgonjwa damu iliyochanganywa na sitrati ya sodiamu, chumvi inayozuia damu isigande. Kabla ya hapo, mtoaji na mpokeaji kwa kawaida walilazimika kulala bega kwa bega, mshipa wa mmoja ukiunganishwa na wa mwingine, na hata Karl Landsteiner wa Vienna alipokwisha kutambua makundi ya damu miaka kumi na mitatu nyuma, tatizo la kuganda lilibaki. Kwa chupa ya Hustin, kwa mara ya kwanza, damu iliweza kuachana na mwenye damu. Ingeweza kungoja, na baadaye ingeweza kusafiri. Mtoaji angeweza kwenda zake nyumbani kabla mgonjwa hajafika.

Jambo la pili lilitokea katikati ya Agosti mwaka huohuo, kwenye mwambao wa kusini mwa Uvira. Wajerumani walivuka ziwa wakashuka Mokolubu, wakaharibu mitumbwi na kukata waya wa simu. Siku chache baadaye wakaishambulia bandari ya Lukuga, inayoitwa Kalemie hivi leo. Vita ya Ulaya ikawa imefika Tanganyika. Wabelgiji waliiteka Usumbura Juni 1916 na Tabora Septemba ya mwaka huo, na nyuma ya askari walitembea wapagazi kwa maelfu, wakifa kwa kuhara, kwa vidonda, kwa uchovu. Ugunduzi wa Hustin ulianza kuokoa majeruhi huko Ufaransa na Ubelgiji kabla vita haijaisha. Wapagazi wa Rusizi haukuwafikia.

Katika Kongo yenyewe, madaktari wa Kibelgiji walianza kujaribu kutia watu damu katika miaka ya 1920, mgonjwa mmojammoja, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia huduma hiyo ikaenea katika hospitali kubwa za makoloni, mara nyingi kwa msaada wa vyama vya Msalaba Mwekundu. Walioshiriki walikuwa wakaazi wa miji: askari, wanafunzi, wafanyakazi wa kampuni. Mwambao wa Uvira haukuwa Léopoldville wala Élisabethville. Hapa, kwa sehemu kubwa, damu iliendelea kuwa shughuli ya anayemjua mgonjwa.

Uhuru ulikuja 1960, uasi wa 1964 ukaifikia Uvira mapema kuliko miji mingi, na miaka iliyofuata serikali ya Mobutu ikaziacha hospitali zijitegemee. Hospitali isiyo na bajeti haiwezi kuweka benki ya damu. Jokofu linataka umeme usiokatika, vifuko vinataka fedha za kigeni, wachangiaji wanataka kuitwa, kupimwa, kupewa soda na kuitwa tena baada ya miezi mitatu. Kilichobaki kilikuwa rahisi na cha haraka: mgonjwa wako anahitaji damu, leta mtu. Kwenye vitabu vya afya mpango huo huitwa uchangiaji wa kufidia, kwa sababu ndugu anafidia kifuko alichotumia mgonjwa, au anakitoa moja kwa moja. Uvira, kama Kivu yote, watu huongea tu juu ya kutafuta pochi, yaani kifuko cha damu.

Kutafuta pochi kuna utaratibu wake, nao ungeweza kutambuliwa na mtu wa 1858. Kwanza watu wa nyumbani. Halafu ukoo. Halafu kanisa au msikiti, halafu watu wa soko moja, wavuvi wa timu moja. Kila duara likikosa kundi la damu linalofaa, duara linapanuliwa. Fundi wa maabara huweka matone matatu ya damu kwenye kigae cheupe, akadondoshea kila moja dawa yake, akakitikisa kigae polepole mkononi: tone linalogandamana na kuwa chembechembe ndilo linalotaja kundi. Kisha vipimo vya virusi vya ukimwi, homa ya ini na kaswende. Kifuko cha mtu mzima huingia damu ya kama mililita 450. Mtoto wa kilo kumi anahitaji kiasi kidogo tu cha hiyo, mama aliyevuja damu akijifungua anaweza kumaliza vifuko vitatu na bado.

Hao wawili, mtoto na mama, ndio wanaotumia damu nyingi katika hospitali za ukanda huu. Tambarare ya Rusizi ni ya mpunga, maji ya kutuama na mbu; malaria inayovunja chembe nyekundu humkuta mtoto ambaye tayari ana lishe duni. Wa tatu ni majeruhi wa risasi, ambao idadi yao hufuata habari za vita. Na Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka na kuwaka moto huko Sange, kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu, likaua watu zaidi ya 200, hospitali za pande zote mbili za barabara zilipokea waliounguzwa kwa usiku mmoja kwa wingi ambao hakuna mpango wa kufidia unaoweza kuuhimili: ndugu waliopaswa kutoa damu walikuwa kati ya wafu.

Ukimwi ndio uliowafanya wataalamu waugeukie mfumo wa ndugu kwa mashaka. Kuanzia 1984, watafiti wa Projet SIDA huko Kinshasa walifuatilia ugonjwa katika hospitali ya Mama Yemo, na mwaka 1988 walichapisha matokeo yaliyotisha: watoto waliotiwa damu kwa sababu ya malaria walikuwa wakiambukizwa virusi kwa damu hiyohiyo, na kadiri mtoto alivyotiwa mara nyingi ndivyo hatari ilivyoongezeka. Mzazi alikuwa ameleta damu ya kumwokoa mwanawe.

Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa umekwisha kusema. Azimio la 1975 lilizitaka nchi zijenge huduma za damu juu ya watu wanaojitolea bila malipo. Hoja yake ni nzito. Anayejitolea kila baada ya miezi mitatu amepimwa mara nyingi. Ndugu anayeletwa usiku wa manane hupimwa mara moja, kwa haraka, na ana sababu ya kuficha anayoyajua kuhusu maisha yake, kwa kuwa shemeji zake wanamtazama. Zaidi ya hayo, palipo na ulazima wa kuleta mtu, huzuka watu wanaokaa karibu na lango la hospitali tayari kuwa binamu wa yeyote kwa bei watakayoelewana. Kongo iliunda programu yake ya taifa ya utiaji damu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa mawazo hayo, na Kivu Kusini kituo chake kikawa Bukavu. Tangu 2004 kila tarehe 14 Juni, siku aliyozaliwa Landsteiner, wachangiaji husherehekewa duniani, na kwenye miji ya Kivu vijana wa shule na wa Msalaba Mwekundu hujitokeza na fulana zao.

Ila Bukavu iko mbali. Barabara ya Taifa namba 5 hupanda kutoka Uvira kupitia Sange, Luvungi na Kamanyola, na katika miaka thelathini iliyopita hakuna kipande chake ambacho hakijawahi kufungwa na wenye bunduki. Uvira ndiyo mji wa kwanza mkubwa ulioanguka katika vita ya 1996. Februari 2025 waasi wa M23 waliichukua Bukavu, na uwanja wa mapigano ukasogea kwenye tambarare. Desemba ya mwaka huo waasi wakaingia Uvira yenyewe. Benki ya damu inayotegemea barabara ya namna hiyo haiwezi kumshinda baba mdogo aliyekaa kwenye benchi. Ukweli huo husemwa kwa sauti ndogo kwenye semina za afya, nao ungestahili kusemwa kwa sauti kubwa: mfumo wa ndugu si ujinga wa watu wasioelimishwa. Ndio taasisi pekee ya damu kwenye mwambao huu ambayo haijawahi kufunga mlango.

Sasa turudi Ujerumani, maana huko nako mambo yalianzia kwenye familia. Mwaka 1990 Mechtild Harf alipatikana na saratani ya damu. Tiba iliyobaki ilikuwa uloto wa mtu mwingine ambaye alama za tishu zake zinalandana na za mgonjwa. Alama hizo hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulandana kamili. Nje ya hapo ni kutafuta kwa wasiojulikana, na Ujerumani ya wakati ule ilikuwa na watu kama 3,000 tu waliosajiliwa. Mumewe Peter Harf na daktari wake wakaanzisha shirika la DKMS huko Tübingen Mei 1991. Mwaka mmoja baadaye daftari lilikuwa na watu 68,000. Mechtild hakuishi kufaidi. Leo Ujerumani ina wachangiaji wa uloto takribani milioni 10, na seli zao husafirishwa kwenda nchi nyingi duniani ndani ya sanduku la baridi lililoshikwa mkononi na mjumbe ambaye haruhusiwi kulitoa machoni.

Anayetoa, mara nyingi, hafanyiwi upasuaji. Huchomwa dawa siku tano ili seli zizidi na kutoka kwenye mifupa, kisha damu huzungushwa kwenye mashine kwa saa chache, mashine ikichuja seli na kumrudishia iliyobaki. Kwa mgonjwa mambo ni mazito zaidi. Uloto wake mwenyewe huuliwa kwa dawa kali, na mpya ukishika, damu yote inayotengenezwa tangu hapo ni ya mtoaji. Kundi lake la damu hubadilika likawa la yule mwingine. Manwa Sera, na kisu chake, alidai kufanya jambo hilo kwa Stanley na Mirambo. Huko Tübingen linathibitika kwenye karatasi ya maabara.

Miaka miwili ya kutojuana imewekwa kwa sababu zinazoeleweka. Mgonjwa anaweza kufa, na mtoaji asibebe msiba wa mtu aliyempenda kwa kumwazia. Mtoaji anaweza kuhitajika tena, na asisukumwe na machozi ya familia. Fedha zisiingie kati. Nchi nyingine haziruhusu watu hao kukutana abadani. Wajerumani wameacha mlango wazi, na watu wanaupita kwa wingi: wenzi wanaokwenda na maua na keki, watoto waliozaliwa baada ya mama kupona wakiambiwa huyu ndiye. Waliotunga kanuni walijenga mfumo juu ya kutojuana, na waliookolewa, mara tu siku zinapotimia, huendesha gari kutwa nzima kwenda kuubomoa.

Kwa mtu wa Uvira kuna shida nyingine, na inahusu hesabu. Alama za tishu za Waafrika zina aina nyingi kuliko za watu wa mabara mengine, na wakati huohuo madaftari yamejaa watu wa asili ya Ulaya. Marekani, ambako takwimu hutolewa kwa uwazi, mgonjwa mweusi ana uwezekano wa asilimia 29 wa kupata anayelandana naye kikamilifu, mgonjwa mweupe asilimia 79. Nigeria ilianzisha daftari lake 2012, na DKMS ina tawi Afrika Kusini. Kongo yenye watu zaidi ya milioni 100 haina benki ya wachangiaji wa aina hiyo. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma, ng'ambo ya ziwa na mbali ndani ya Tanzania, ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, ugonjwa ulioenea pia Kongo, na waliotoa uloto ni ndugu zao wa tumbo moja.

Wakongo wanaoishi Ulaya ndio wanaoweza kuibadili hesabu hiyo kwa haraka. Kujisajili Ujerumani hakuhitaji damu: kijiti cha pamba husuguliwa ndani ya shavu na kutumwa kwa posta, kwa mwenye umri kati ya miaka 17 na 55. Mzaliwa wa Mulongwe, Uvira, anayefanya kazi Köln akituma kijiti chake leo, seli zake zinaweza kumfaa Mkongo aliyeko Brussels, au Mmarekani mweusi wa Chicago ambaye babu zake walitoka barani humu bila jina. Itapita miaka miwili. Halafu simu italia kutoka ofisini, ikimuuliza kama anakubali jina lake litajwe, maana kuna watu wawili wanaotaka kuja kumwona, na wanauliza pia wakifika wapaki gari wapi.